Shangazi Anashuka Trektani

Baada ya miaka thelathini na moja ya kazi katika shamba hili, Shangazi, dereva mkuu wa mashine za mbolea na dawa, atastaafu rasmi Ijumaa, tarehe thelathini ya mwezi huu. Ofisi imeniomba mimi, mtunza ghala, niandike wasifu wake kwa ajili ya jarida letu, na imesisitiza uwe mchangamfu. Nitajitahidi. Lakini msimu ndio kwanza umekwisha na wote tuko hoi. Hata mwenyewe, nilipomfuata karakanani kumweleza kwamba ninaandika habari zake, nilimkuta amekaa kwenye benchi akivua buti kwa mikono miwili, akaniambia, "Andika tu kwamba nimechoka. Mengine ni mapambo."

Basi hilo nimeshaliandika: amechoka. Haya yanayofuata si mapambo.

Jina la Shangazi halikutoka ofisini. Lilitoka kwa fundi wetu wa mitambo, ambaye ni mtoto wa marehemu kaka yake. Fundi alipoajiriwa hapa hakuweza kumwita dada wa baba yake kwa jina mbele za watu, mtu aliyemfunga kamba za viatu siku ya kwanza ya shule. Akamwita shangazi. Wiki haikuisha, karakana nzima ikawa inamwita hivyo, kisha ofisi ya hesabu, kisha walinzi wa lango kuu. Meneja ndiye aliyeshikilia "dereva mkuu" kwa muda mrefu, mpaka siku trekta lilipozama kwenye tope akasikika kwenye redio ya upepo akipiga kelele, "Shangazi, usikanyage mafuta! Shangazi, tafadhali!" Tangu hapo shamba zima lina shangazi mmoja, na hakuna aliyelalamika kwamba amepewa undugu asiouomba.

Alianzia kikosi cha bomba. Walioajiriwa juzi hawakijui kikosi hicho, na ni heri yao. Watu walijipanga mwanzo wa shamba, kila mmoja na bomba la plastiki mgongoni limejaa dawa ya magugu, mkono mmoja unasukuma mpini, wa pili umeshika fimbo ya kunyunyizia, wakaenda mbele kwa mwendo mmoja kama watu wanaosindikiza maiti. Bomba likivuja, lilivujia kwenye uti wa mgongo. Dawa ilimwagwa kwa kiwango kimoja toka mwanzo hadi mwisho: penye magugu na pasipo magugu, penye udongo wa kichanga na penye udongo wa mfinyanzi. Msimamizi wa siku hizo alihesabu mabomba yaliyokwisha. Magugu yaliyokufa hayakumhusu.

Katika mstari huo, upande wake wa kulia, alikuwa daima wifi yake, yaani mke wa huyo kaka aliyefariki na mama mzazi wa fundi. Wanawake hao wawili walifiwa na mtu mmoja, huyu mume, huyu kaka, na baada ya matanga wakaamua kuishi ua mmoja, kupika jiko moja na kulea mtoto mmoja. Shangazi hakujaliwa wa kumzaa mwenyewe, alijaliwa huyo. Wifi alikuwa mcheshi na, tuseme kweli, mvivu wa aina yake. Akifika mahali pasipo na gugu hata moja alifunga bomba akapita kavu, dawa isipungue, asirudi kujaza, mgongo upumue. Alikaripiwa mbele za watu mara nyingi kwa kosa hilo. Leo kampuni imenunua mashine yenye kamera inayofanya jambo lile lile: ikiona gugu inafungua, isipoona inafunga. Siku hizi wifi akikumbushwa hucheka mpaka akashika mbavu. "Kumbe nilikuwa kompyuta," husema, "nanyi mkawa mnanipigia kelele."

Kutoka kikosi cha bomba Shangazi alijifunza trekta, wakati ambapo wanaume wa karakana waliona mwanamke kwenye usukani ni kichekesho. Kichekesho alikileta mwenyewe. Siku yake ya kwanza kutoka nje ya uwanja alikata kona mapema, akalikumba lango la ofisi, akalibeba nusu yake mpaka barabarani bila kujua, huku walinzi wakimkimbilia nyuma na yeye akiwapungia mkono akidhani wanampongeza. Lango lilinyooshwa. Yeye hakukata tamaa. Alikuwa akiingia asubuhi kabla ya wenzake, anazunguka uwanja mtupu akipanga na kupangua madebe ya kupitia katikati, hadi wale waliomcheka wakaanza kumpelekea trekta zao akawarudishie nyuma penye njia nyembamba.

Kisha zikaja mashine mpya, na hapa ndipo kazi yake ilipobadilika jina na uzito.

Kwa faida ya ndugu watakaosoma jarida hili nyumbani, nieleze kidogo. Shamba letu likitazamwa kutoka barabarani linaonekana moja, lakini si moja. Kule juu kwenye mgongo wa kilima ni kichanga. Maji hayakai, na mbolea ukiiweka nyingi kwa mkupuo mmoja huunguza mbegu. Bondeni ni udongo mweusi mzito, unaokula mbolea na kuirudisha kwa mahindi yanayompita mtu kimo. Miaka nenda miaka rudi tulizilisha sehemu zote mbili sahani moja. Mashine mpya zilikuja kukomesha hilo. Zinajua zilipo kwa setilaiti, zinasoma ramani ya udongo iliyopakwa rangi, na zikiwa zinatembea zinaongeza au kupunguza mbolea zenyewe, hatua kwa hatua, kadiri ramani inavyosema. Ya dawa nayo ina mikono mirefu yenye nozeli nyingi, yaani midomo ya kunyunyizia, na kila nozeli inajifungua na kujifunga peke yake. Zote mbili zinaongozwa na skrini moja iliyo mbele ya dereva. Skrini hiyo Shangazi aliipa jina la Mkwe. Alisema ni lazima uiheshimu, huwezi kubishana nayo, na ikikasirika inapiga kelele mpaka majirani wasikie.

Ramani haikushuka kutoka mbinguni. Aliitengeneza mtaalamu wa udongo, bwana mmoja mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyehamia kwetu kutoka kituo cha utafiti. Kiangazi kizima yeye na Shangazi walilitembea shamba kwa miguu wakichimbua udongo na kuutia kwenye mifuko, jua la utosini, midomo imepasuka. Mtaalamu alimfundisha kusoma majibu ya maabara. Shangazi alimwonyesha mahali ambapo zamani palikuwa na zizi na mahali ambapo maji ya mvua hupita. Walirudi jioni wamepauka vumbi kiasi kwamba mlinzi aliwatambua kwa sauti.

Wakati huo ndipo meneja alipomwita ofisini. Meneja si mtu mbaya. Naye ana wakubwa zake. Alimwambia kwamba mashine ikifanya kazi, kikosi cha bomba hakitakuwa na kazi. Mashine ingemaliza kwa siku kadhaa yale ambayo kikosi kilifanya kwa mwezi, tena kwa dawa pungufu.

"Wale ni watu wangu," Shangazi alimjibu. "Nimetoka mstari ule."

"Najua. Ndiyo maana nakwambia wewe kabla yao."

Shangazi akakataa kuinuka kitini. Akasema mashine haioni kila kitu: lazima wawepo watu wa kulitembelea shamba wakatazama ni magugu ya aina gani yameota na wapi, wawepo wa kuchukua udongo kila mwaka, na wawepo wa kusafisha na kupima nozeli, maana nozeli moja ikiziba ramani yote ni uongo. Mtaalamu wa udongo aliitwa, naye akasema hivyo hivyo. Meneja alifikiri sana, mwishowe akakubali kubaki na watu sita.

"Lakini mimi siwajui kama unavyowajua," alisema. "Niambie ni nani na nani."

Mimi nilikuwa nje ya mlango ule nikisubiri saini ya mapipa. Shangazi alipotoka hakuniona, ingawa karibu anikanyage.

Aliomba apewe siku mbili. Siku ya pili akarudi akawataja sita: mjane mwenye watoto wadogo, mzee aliyekuwa akimuuguza mkewe, binti aliyekuwa akiwasomesha wadogo zake, na wengine watatu ambao nyumbani kwao hapakuwa na mshahara mwingine. Wifi yake hakumtaja. Ua wao ulikuwa tayari na mishahara miwili, wake na wa fundi. Kumtaja wifi kungekuwa kumtoa mmoja wa wale.

Habari hiyo hakutaka wifi aipate ubaoni. Alimwambia mwenyewe, jikoni, jioni ya siku ile ile. Fundi alikuwepo akigongea kiti mguu, na ndiye aliyenisimulia. Wenyewe wawili wameniruhusu kuandika.

"Wifi, nina neno."

"Sema, mikono ndiyo imeshikika, masikio hayana kazi." Wifi alikuwa akimenya viazi.

"Kikosi kinavunjwa. Wanabaki sita. Wewe humo kati yao."

Wifi akaendelea kumenya. "Nani amechagua?"

"Mimi."

Kisu kikasimama. "Wewe. Uliyelala kitanda kimoja nami tulipomzika kaka yako. Wewe ndiye uliyekaa ukasema huyu abaki, huyu atoke?"

"Hapa nyumbani tunakula, wifi. Kuna watu kule—"

"Usiniambie habari za watu. Mimi si mtu?" Wifi akaliweka chini sufuria. "Miaka yote hiyo nimekuwa kulia kwako. Umening'oa kama gugu, tena kwa mkono wako mwenyewe, hukusubiri hata hiyo mashine yako inione."

Fundi alijaribu kusema, "Mama, shangazi hakuwa na—" na wote wawili wakamwambia anyamaze. Ilikuwa mara ya mwisho kwa muda mrefu hao wawili kusema neno moja.

Baada ya hapo jiko likagawanyika. Katika ua mmoja zikawa zinapikwa sufuria mbili, na fundi, mtu mzima mwenye ndevu, akawa anakula mara mbili kila jioni ili asimkosee yeyote. Alinenepa msimu ule, sisi tukamcheka bila kujua sababu. Shangazi hakusimulia lolote kazini. Aliingia kwenye mashine asubuhi, akatoka jioni, akapita ghalani kwangu kurudisha vifaa, akasema "haya, kesho." Nilidhani ni majivuno ya mashine mpya. Kumbe mtu alikuwa amebeba mzigo usiotulika.

Kama hilo halikutosha, msimu wa kwanza wa mashine ukaharibika.

Mvua zilichelewa, kisha zikaonyesha dalili ya kuja zote kwa pamoja, na kila mtu alikuwa akikimbizana na mawingu. Jioni ya kuamkia siku ya kupanda, mtaalamu na Shangazi walikaa karakanani wakaipitia ramani ya mbolea mara ya mwisho. Wote wawili walikuwa wamesinzia wakiwa macho. Mtaalamu, katika kuingiza viwango, alikuwa amevipishanisha: cha kilimani akakipeleka bondeni, cha bondeni akakipandisha kilimani. Alisoma, hakuona. Shangazi alisoma, hakuona. Kesho yake aliendesha tangu alfajiri. Alipopanda mgongo wa kilima aliona namba kwenye skrini inapanda badala ya kushuka, akajiambia moyoni kwamba Mkwe anajua, akaendelea.

Tuliona matokeo baada ya mahindi kuota. Kilimani mbegu nyingi hazikutoka kabisa, na zilizotoka zilikuwa zimeungua ncha, zimejikunja kama karatasi iliyopitishwa motoni. Bondeni, penye udongo wetu bora, mahindi yalikuwa manjano, yamesimama kama wagonjwa wanaosubiri zamu. Waliovunjiwa kikosi walikuja kusimama nje ya uzio, wakatazama. Wengine walicheka. Mimi siwalaumu, mtu aliyeachishwa kazi kwa ajili ya mashine ana haki ya kuicheka mashine ikikosea.

Meneja aliitisha kikao kwenye chumba cha chai. Alikuwa ametoka kuongea na wakubwa kwa simu, na masikio yake yalikuwa bado ya moto. Akasema anataka kumjua aliyekosea, na kwamba mtu huyo afungashe leo. Mtaalamu akavua miwani yake ya uzi, akasimama. Kabla hajafungua mdomo, Shangazi naye alikuwa amesimama.

"Viwango aliviingiza yeye," alisema. "Mimi nilivisoma nikavikubali. Na usukani nilishika mimi, na namba niliiona inapanda nikapita. Kosa hili lina watu wawili ndani yake. Ukimtoa mmoja, utakuwa umeacha mwingine humu humu."

"Kwa hiyo niwafukuze wote wawili?"

"Hilo ni lako, bosi. Mimi nakwambia hesabu ilivyo."

Meneja akatutazama mmoja mmoja, akauliza kwa sauti ya chini kabisa kama kuna dawa ya jambo lile. Mtaalamu akaeleza kwamba bondeni panaweza kuongezewa mbolea kwa kuwa walikuwa hawajachelewa. Kilimani, mvua iliyonyesha wiki ile ingekuwa imeshasukuma mbolea ya ziada chini. Pangeweza kurudishiwa mbegu, ila njia ya kupandia huko ilikuwa imelowa mno kwa trekta. Ingebidi iwe mikono na majembe, tena upesi.

"Mikono ipi?" meneja akauliza, kisha jibu likamjia mwenyewe. Wale waliokuwa nje ya uzio.

Waliitwa kama vibarua. Sikutegemea waje, lakini walikuja, karibu wote, kwa kuwa njaa haina kinyongo. Wifi alikuja nao, jembe begani, kitambaa kimefungwa kichwani kama siku zile. Shangazi naye hakukaa karakanani kusubiri njia ikauke. Alichukua jembe ghalani kwangu, nikamwambia hiyo si kazi ya dereva mkuu, akaniangalia kana kwamba nimeongea lugha ya ndege, akaenda.

Kilimani watu walijipanga mstari. Sijui ni nani alipanga, au kama ni miguu tu iliyokumbuka, lakini Shangazi alijikuta wifi yake yuko kulia kwake. Hawakusalimiana. Walipiga mashimo, wakatia mbegu, wakafukia, wakasogea. Siku ya kwanza ikaisha hivyo, na ya pili. Mvua ilikuwa ikikatika na kurudi, mchanga uliolowa unashika miguuni kama viatu vya pili.

Siku iliyofuata Shangazi aliinama, akashindwa kuinuka. Mgongo wa bomba na mgongo wa trekta ilikutana mahali pamoja. Alibaki ameshika jembe, jasho linamtiririka, hataki kupiga kelele. Wifi akapita mbele mashimo mawili, matatu. Akasimama. Akarudi.

"Umebanwa?"

Shangazi aliegemea mpini wa jembe.

"Nakuuliza, umebanwa, au unaiombea ardhi dua?"

"Nimebanwa."

"Shika bega langu." Akamwinua polepole kama anavyoinuliwa mzazi aliyejifungua. "Kaa pale juu ya gunia. Mstari wako nitaumaliza."

"Wifi, hutaweza mistari miwili."

"Wewe kaa. Nimeshazoea kufanya kazi usizoniandikia."

Shangazi alikaa juu ya gunia katikati ya shamba, akalia, mbele ya watu wote. Wifi akaendelea kupiga mashimo kwa jembe, mstari wake na wa wifi yake, bila kugeuka nyuma. Jioni ile, kwa ushahidi wa fundi, zilipikwa sufuria mbili bado. Ila safari hii moja ilikuwa ya ugali, nyingine ya mboga.

Nisiseme kwamba yaliisha pale pale. Walichukua muda. Wifi hakurudi kazini. Meneja alimwita baadaye akakataa, akasema shamba limemwacha naye ameliacha, wamelipana. Alinunua cherehani iliyotumika, akaanza kutushonea ovaroli zilizopasuka, na sasa ndiye anayezishona zote za kampuni. Wenzake wengine hawakubahatika hivyo. Baadhi walihama, baadhi tunawaona barabarani, tunasalimiana, maneno yanaisha. Shangazi aliwahi kuniambia kwamba anawakumbuka wote kwa mpangilio wa mstari, aliyekuwa wa kwanza kushoto hadi wa mwisho kulia, na kwamba usingizi ukimkataa ndivyo anavyowapitia. Ofisi inaweza kuliondoa jambo hili kama si la kijaridajarida. Mimi nimeona wasifu usiolitaja utakuwa umempunja.

Tangu msimu ule, kabla ya ramani yoyote kuingizwa kwenye mashine, yeye na mtaalamu huipeleka shambani kwa miguu, imeshikwa mkononi, na watu wa kile kikosi kidogo wapo. Wanasimama kilimani, mmoja anasoma kiwango kwa sauti, mwingine anakiangalia kichanga alichosimama juu yake na kusema kama kinaingia akilini. Wanateremka bondeni, wanafanya hivyo tena. Ni kazi ya kuchosha, na kila mwaka yupo anayependekeza iachwe. Haijaachwa. Na kila asubuhi nozeli hupimwa kwa jagi na saa, moja baada ya nyingine, na asiyetaka kupima hapandi trekta.

Mafanikio yake mimi nayaona ghalani. Zamani mapipa ya dawa ya magugu yalijaa hadi darini, na harufu yake ilinifuata nyumbani mpaka mke wangu akawa ananivulisha nguo uani. Leo hayafiki nusu ya yale, na kuna pembe ya ghala ambayo nimeweka meza na kiti. Mbolea tunanunua pungufu na tunavuna zaidi. Kijito kilicho chini ya bonde, ambacho kilikuwa kikiota ukoga wa kijani kila mvua zikipita kwa sababu ya mbolea yetu iliyosombwa, sasa maji yake yanaonyesha changarawe. Kilimani, penye kichanga, hupewa mbolea kidogo kidogo mara tatu, na pana mahindi mafupi lakini yenye afya. Mtaalamu wa udongo bado tunaye. Miwani alibadilisha.

Madereva wote wanne wanaoendesha leo wamefundishwa na Shangazi. Watawaambia kwamba hakuwahi kuwapigia kelele, isipokuwa kwa kosa moja: kuitazama skrini wakasahau kutazama dirishani. "Mkwe anakwambia anachoambiwa," alikuwa akisema. "Shamba linakwambia lenyewe. Wasikilize wote wawili, wakigombana, simama." Na wanapenda kumwigiza anavyoijibu skrini ikilia: "Ee mama, nimesikia, si unaona nakuja?"

Meneja alimwomba aongeze misimu miwili. Alimwahidi kiti kipya chenye springi na msaidizi wa kudumu. Tulikuwa kwenye chumba cha chai, sote tukisikiliza huku tukijifanya tunakoroga.

"Bosi, nashukuru," Shangazi akasema. "Lakini mimi nikishuka jioni bado natetemeka kana kwamba injini iko tumboni. Nalala natetemeka. Nataka nijue mtu akitulia huwa anajisikiaje."

"Na utafanya nini nyumbani? Utalima kidogo?"

"Nilime?" Alimwangalia meneja kama mtu aliyetukanwa. "Mboga nitanunua sokoni, kama watu."

Meneja alicheka, kisha akaacha kucheka, akampa mkono.

Jumatano iliyopita alimaliza kitalu cha mwisho cha msimu. Hakutaka sherehe ya shambani. Aliiosha mashine mwenyewe, akafungua nozeli zote akazisuuza, akamkabidhi ufunguo dereva atakayempokea, mwanamke aliyekuja hapa kama mfagiaji wa karakana, akamwambia tu, "Breki ya kushoto inachelewa kidogo, usisahau." Kisha akashuka ngazi za trekta kinyumenyume, mkono kwa mkono, goti baada ya goti. Chini alikuwa amesimama wifi yake. Hakuna aliyemwona akiingia. Hakusaidia, kwa kuwa anamjua mwenzake, alisubiri tu mpaka miguu yote miwili ilipofika ardhini, ndipo akamchukulia mkoba. Wakaondoka taratibu kuelekea langoni, mmoja anachechemea, mwingine anapunguza mwendo ili wawe sawa, wakibishana jambo ambalo hatukulisikia. Fundi alisimama karakanani akiwatazama, spana mkononi, mpaka walipopinda barabarani. Akarudi chini ya trekta, akakaa huko muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Shangazi, kwa niaba ya meneja, mtaalamu wa udongo, madereva, kikosi, karakana, jikoni, walinzi na ghala: asante. Asante kwa kazi uliyoifanya, na kwa ile iliyokugharimu zaidi, ambayo hukuomba upewe. Hatutakusumbua kwa simu, isipokuwa mashine ikikwama, na hata hapo tutajaribu kwanza wenyewe. Lala mpaka jua liwe juu. Mwili wako utulie, mgongo wako ukusamehe, na nyumba yenu isikose maneno wala kicheko. Uishi vyema, Shangazi, na uishi sana.